Penye Reli

Inazima penye reli.
Natoka kijiweni Kange na abiria mgongoni,
gia ya nne, mambo safi,
reli ikikaribia inakohoa mara mbili,
inatikisa kichwa kama mbuzi aliyegoma kamba,
kisha kimya.

Abiria wanashuka bila kuambiwa.
Bi Mwanakombo wa vitumbua alishuka na ndoo yake,
akanitazama kama mtu anayetazama deni,
akatembea.

Na ukiiacha dakika tano
inawaka kwa kiki moja tu,
kama mtoto aliyekuwa anajifanya amelala.

Kijiweni kila mtu ana dawa.
Kibwana: badili plagi.
Nikabadili. Ya zamani ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria.
Mpya ikang'aa siku mbili,
na bado penye reli, koho, koho, kimya.
Shemndolwa: acha hayo mafuta ya chupa,
wanachanganya na ya taa.
Nikaenda sheli, nikajaza tangi mpaka shingoni.
Ikazima mapema zaidi. Hata reli hatukuiona.
Saidi Mapengo akanivuta pembeni:
pale aligongwa mtu, mwaka wa juzi. Ukifika, soma kitu.
Nikasoma. Wallahi nilisoma,
mikono miwili kwenye usukani.
Ikazima katikati ya aya.

Nikaisukuma hadi Ngamiani,
Barabara ya Kumi na Nne, kwa Kidawa.
Akavua bangili, moja moja,
akazitundika kwenye msumari wa spana,
na spana yenyewe hakuigusa.
Akaanza kuuliza kama daktari wa Bombo:
Inazima ghafla, au inafifia?
Inafifia.
Inakubali kuwaka baada ya muda gani?
Dakika tano.
Tangi likijaa?
Hapo ndiyo mapema zaidi, nikasema,
naye akainua nyusi
kama mtu aliyesikia jina analolijua.

Akaweka kopo la maziwa chini ya kabureta,
akalegeza skrubu.
Mafuta yakatoka kamba, yakawa uzi,
yakawa tone,
yakakata.
Na tangi limejaa!
Sikiliza, akasema.
Akafungua kifuniko.

Fyuuu.

Tangi lilivuta pumzi.
Sina neno jingine. Lilivuta pumzi
kama mama aliyeambiwa mtoto kaonekana,
na kule koponi mafuta yakashuka tena,
kwa nguvu, bila haya.

Akakipindua kifuniko kwenye mwanga.
Kuna kitundu pale, cha kupita sindano,
hewa iingie mafuta yakishuka.
Kimezibwa na kitu cha rangi ya waridi.

Nani kafanya hivi?

Masika iliyopita. Mvua ile isiyopiga hodi.
Maji yaliingia tangini, siku tatu sikupakia mtu,
nyumbani tukanywa uji wa chumvi.
Siku ya nne nikanunua bablishi,
nikaitafuna mpaka utamu ukaisha,
nikaziba, nikakandamiza kwa kidole gumba,
nikajiona fundi.
Kisha nikasahau kabisa.

Sijui, nikasema. Labda watoto.

Kidawa akachomoa pini kwenye mtandio wake,
akachokonoa taratibu, kama anayetoa mwiba mguuni,
mpaka kile kitonge kikadondoka kiganjani.
Kimekauka. Alama ya gego ingalipo.
Akakigeuza huku na huku.
Hawa watoto, akasema,
wana magego makubwa.

Elfu mbili.
Akazirudisha bangili zake mkononi
na hakusema neno jingine.

Jana nilimpakia Bi Mwanakombo, ndoo mapajani.
Reli ilipokaribia alinikamata bega,
kucha zote tano, mguu mmoja tayari kushuka.
Nami nilipunguza mwendo, sijui kwa nini,
nikaisubiri ikohoe.
Tumepita. Tumefika Makorora.
Bega hajaliachia.